Nyuzi Saba Zisizoandikwa

Siku nne kabla ya Ufagio, Nakijwa Mbwambo alikaa mbele ya kompyuta yake na kikombe cha chai ya tangawizi, akaagiza ulinganisho wa mji ulivyoandikwa na mji ulivyo, akaanza kunywa kwa raha zake kwa kuwa jibu alilijua. Jibu lilikuwa sifuri. Lilikuwa sifuri mwaka jana na mwaka juzi, na mtu ambaye angemwambia kwamba safari hii litakuwa moja, Nakijwa angemcheka kwanza, kisha angemhurumia.

Likaja moja.

Aliagiza tena. Moja. Akahakikisha hakuna mabano aliyosahau kuyafunga, akaagiza mara ya tatu, na chai ikapoa palepale mezani. Chumba namba arobaini na nne, kompyuta ilimwambia bila kumwonea haya. Joto la sakafu lililoandikwa, nyuzi ishirini na moja. Joto lililopo, ishirini na nane.

Mahali pengine mtu hatoki jasho kwa sababu sakafu ya jirani ina joto. Lakini hapa palikuwa Upenuni, mji uliochimbwa chini ya mwamba kwenye ukingo wa kreta, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, wenye vyumba mia tatu na watu mia sita na kumi na wawili. Zamani mji huo ulikuwa na mafundi wanane hodari. Kila mmoja alipita na spana yake, akakaza hapa, akalegeza pale, akaahidi ataandika kesho. Siku kompyuta kuu ilipoungua, hakuna hata mmoja aliyeweza kukumbuka mji ulikuwa umepangwaje, na watu wote wakaishi siku tatu ndani ya mavazi ya nje, wakinywa uji kwa mrija na kununiana. Tangu hapo spana zilifungiwa kabatini. Hewa, maji, joto, taa na milango, vyote viliandikwa mahali pamoja, katika Andiko, na ikawa sheria kwamba hakuna anayebadili kitu kwa mkono. Ukitaka taa za korido ya tatu zipungue ukali, huziendei taa. Unaandika unavyotaka mji uwe, kompyuta inajenga kizazi kipya cha mji, na kizazi cha jana kinahifadhiwa. Kipya kikileta balaa, unarudi kwenye cha jana kabla ugali haujaiva.

Kisha mara moja kwa mwaka unapita Ufagio. Mji mzima unajengwa upya kutoka kwenye Andiko pekee, na chochote kisichoandikwa kinaondoka.

Nakijwa ndiye aliyekuwa Msusi wa Andiko, na lugha ya kuliandika iliitwa Ukili. Waliibuni kwa kuangalia namna mkeka unavyotengenezwa: unasuka ukanda mmoja hadi unakamilika, unasuka mwingine, halafu unazishona kanda pamoja. Kila ukanda ni fomula. Unaipa vitu, inakupa jibu, na ukiipa vitu vilevile leo na mwaka kesho inakupa jibu lilelile. Haina hasira wala haina ndugu. Fomula ya joto la chumba Nakijwa aliijua kama anavyojua njia ya kwenda bafuni:

(joto ukubwa-wa-chumba idadi-ya-watu umbali-wa-tanuri)

Vitu vitatu tu. Jina la mtu halikuwemo, na halikuruhusiwa kuwemo popote katika Andiko, kwa sababu wazee wa mji walishaona mafundi wanane wanavyowapendelea shemeji zao.

Mwezi mmoja nyuma kila chumba kilikuwa kimewekewa kihisi cha sakafu; kabla ya hapo kompyuta haikuwa na njia ya kujua joto halisi la sakafu. Kwa sasa vihisi vilikuwa vinatazama tu. Baada ya Ufagio, kihisi kikikuta joto lisiloandikwa kingefunga maji ya moto ya chumba hicho chenyewe, bila kumuuliza mtu. Nakijwa alitazama tena namba ya chumba na roho ikamwuma, maana arobaini na nne kilikuwa chumba cha Bi Sikudhani.

*

Harufu ya iliki ilimpokea tangu mwanzo wa korido. Bi Sikudhani alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja mji mzima ulikuwa ukifungua kinywa kwa maandazi yake. Wengine walijaribu. Walitumia unga uleule, hamira ileile, iliki ileile ya bustani ya juu, wakaambulia vitu vya kutupia paka, kama Upenuni ungekuwa na paka. Watu walisema ni mkono. Kuna watu wana mkono, walisema, na Bi Sikudhani alikuwa akisikia maneno hayo na kujifanya anatafuta kitu mfukoni ili asionekane anavyofurahi.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, unga uko chini."

Ulikuwa chini kweli. Mabeseni sita yamejipanga sakafuni, kila moja limefunikwa khanga, na unga ulikuwa umeumuka hadi umeziinua khanga juu. Nakijwa alikanyaga kwa soksi na akaelewa kila kitu kabla hajainama. Sakafu ilikuwa ya kupendeza. Mwenyewe angejilaza pale na kusinzia.

Aliomba ruhusa ya kufunua kigae kimoja. Bi Sikudhani akasema afunue tu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo. Chini ya kigae kulikuwa na koki ya chuma ya kizamani, bomba jembamba lililochepushwa kutoka bomba kuu, na uzi wa buluu uliofunga mpini wa koki usitikisike. Koki ya mkono kompyuta haikuijua, kwa hiyo Ufagio haukuwahi kuigusa. Uzi ulikuwa na mafundo mawili, la pili likielekea kinyume cha la kwanza. Mtu mmoja tu Upenuni alifunga namna hiyo, na ndiye aliyemfundisha Nakijwa kufunga hata mkoba wake wa vifaa.

Bi Sikudhani alikaa ukingoni mwa kitanda na kueleza bila kuulizwa. Alipofika Mwezini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Asubuhi, kwa baridi ya sakafu, alishindwa kusimama mpaka ajishike ukutani, na alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba arudishwe Duniani. Mwalimu Kidundo alikuja kukagua taa, akaiona barua mezani, akaondoka. Kesho yake alirudi na spana. Alimwambia asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu. Maandazi yalikuja baadaye, siku alipoweka beseni sakafuni kwa kukosa nafasi mezani.

"Kwa hiyo unaona," alisema, akizitazama khanga zilizoinuka. "Mkono wenyewe ndio huo."

*

Mwalimu Kidundo alikuwa amestaafu na sasa alilima mchicha katika bustani ya juu, chini ya taa za waridi. Ni yeye aliyeandika nusu ya Andiko. Ni yeye pia ambaye, Nakijwa alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kurekebisha saa ya ukutani kwa kidole, alimwadhibu kwa kumwoshesha vichujio vya hewa miezi miwili mizima. Kwa kidole! alikuwa akirudia kwenye korido, kama mtu aliyeshuhudia wizi.

Nakijwa aliweka uzi wa buluu juu ya tuta la mchicha. Mwalimu aliutazama, akaendelea kupalilia, akafika mwisho wa tuta, akarudi. Alikuwa amevaa soksi tatu tatu kila mguu kama kawaida yake, na viatu vya kufungua mbele ili zienee.

Nakijwa alikuwa na hasira, na alizitoa. Alimkumbusha ule mwaka wa pili, alipogundua kwamba tanuri linatoa joto kidogo zaidi ya lile linalofika vyumbani. Mwalimu alimwagiza aandike fomula ndogo ya uchakavu wa mabomba ili hesabu ikae sawa. Aliiandika kwa fahari, fomula yake ya kwanza kuingia katika Andiko, akampigia mama yake simu Duniani kumwambia. Mabomba hayakuwa yamechakaa. Kilichokuwa kinapotea ni joto la chumba arobaini na nne, na yeye alikuwa ameandika uongo katika kitabu pekee alichokiamini, bila kujua.

"Ulinioshesha vichujio miezi miwili, Mwalimu."

"Nilikuonea," alisema Mwalimu. "Si kwa kosa, kosa lilikuwa kosa. Nilikuonea kwa sababu nilikuwa nimetoka chumba arobaini na nne wiki ileile, na mtu mwenye hatia huwa mkali."

Kisha akajitetea kidogo, maana hakuwa mtu wa kukubali kushindwa pande zote. Fomula ilikuwa na ukubwa, idadi na umbali, alisema. Haikuwa na mahali pa magoti. Kulipeleka suala barazani kungechukua mwaka, na barua ilikuwa inaondoka na chombo cha Jumatano. Angefanya nini?

Mwalimu alifuta mikono kwenye suruali, akainama, akanong'ona ingawa walikuwa wawili peke yao na mchicha. Kihisi cha chumba arobaini na nne kina waya mmoja mwekundu. Ukiuunganisha na kihisi cha chumba cha jirani, kitasoma ishirini na moja milele. Kazi ya dakika tatu. Alijitolea kuifanya mwenyewe ili mikono ya Nakijwa ibaki safi.

Nakijwa aliondoka bila kukataa. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakukataa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu dakika tatu. Nani angeumia? Nyuzi saba za joto katika chumba kimoja, na hakuna jirani aliyewahi kuona tofauti. Upande mwingine, kama Msusi mwenyewe anaanza kuwa na chumba chake cha siri, basi mafundi wanane wamerudi, ila sasa ni mmoja na ana adabu.

*

Siku ya pili aliifungua fomula ya joto na kuikazia macho. Wakati wa masomo Mwalimu alikuwa na neno lake: fomula ikikupa jibu usilolipenda, usigombane nayo, angalia umeinyima nini. Maskini, alifundisha vizuri kuliko alivyotenda. Vyumba viwili vya ukubwa mmoja, mtu mmoja mmoja, umbali uleule kutoka tanuri, na bado kimoja kilihitaji zaidi. Basi kuna kitu kilichotofautiana ambacho fomula haikuwahi kuambiwa.

Kama Andiko lingekuwa fomu ya kujaza, yenye visanduku vilivyokwisha kuchorwa, mambo yangeishia hapo. Ukili haikuwa fomu. Ilikuwa lugha kamili. Kwa lugha hiyohiyo kuna watu waliandika michezo ya karata na kupiga hesabu za mizunguko ya vyombo. Unaweza kuipa fomula kitu kipya, halafu ukaipitisha juu ya vyumba vyote mia tatu kwa mstari mmoja. Nakijwa aliongeza kitu cha nne, akakiita baridi-inaumiza, chenye majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Kikiwa ndiyo, sakafu inapata nyuzi saba zaidi. Joto la tanuri halikuongezeka, kwa hiyo nyuzi zilizoongezwa huku ilibidi zipunguzwe kwa wengine wote, kila mmoja kidogo. Andiko halikuruhusu kuahidi kisichokuwepo.

Alirudi kwa Bi Sikudhani na kumweleza. Jina lake halitaingia popote. Ila Andiko jipya husomwa mbele ya mji mzima siku moja kabla ya Ufagio, chumba kwa chumba, na watu si wajinga. Wakisikia arobaini na nne ina sakafu ya moto watajumlisha wenyewe.

Bi Sikudhani alizidi kukanda unga.

"Nilipokuja hapa nilikuwa mzee wa magoti," alisema. "Leo mimi ni mtu. Nikipita wananiita kwa heshima. Ukisoma hiyo namba nitarudi kuwa mzee wa magoti, na maandazi yatakuwa ya sakafu. Nifungie tu hayo maji, mwanangu. Nitakunywa dawa."

Nakijwa alimwambia ni haki yake. Aliona uchungu, na hakuficha kwamba anauona. Lakini swali alikuwa ameshaliandaa, na hakuona sababu ya kuvinyima swali hilo vyumba vingine mia mbili tisini na tisa. Jioni ile alituma kwa mji mzima mstari mmoja: je, baridi ya sakafu inakuumiza? Majibu yatasomwa hadharani kwa namba ya chumba. Alitegemea ndiyo mbili, labda tatu.

Kufikia mchana wa siku ya tatu alikuwa nazo ishirini na tatu. Alizipitia moja moja. Chumba cha mia na mbili, mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Chumba cha sitini, yule fundi wa pampu anayeimba kila siku asubuhi. Kumbe anaimba ili ajisahaulishe miguu. Miaka yote hiyo watu ishirini na watatu walikuwa wakitetemeka kimya kwa sababu Andiko halikuwauliza, nao waliona Andiko likikunyima basi hustahili. Kisha alifika chumba namba tisa, akasimama kwenye hicho. Arobaini na nne ilikuwa imejibu hapana.

*

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti Lukindo, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza watoto, alieleza gharama kwanza ili asilaumiwe baadaye. Vyumba ishirini na vitatu vitapata nyuzi ishirini na nane. Vingine vyote vitashuka kutoka ishirini na moja hadi ishirini nukta nne. Asiyetaka aseme. Nakijwa alisimama pembeni na orodha yake. Kama ukumbi ungekataa, watu ishirini na watatu wangekuwa wamejianika bure.

Alianza kusoma. Chumba namba tisa, ndiyo.

Palepale alisikia kiti kikiburuzwa. Bi Sikudhani alikuwa amesimama, amejishika kwenye bega la jirani, anamtazama Mwalimu Kidundo aliyeketi safu ya mbele na soksi zake tatu tatu. Mji mzima ulijua nani anakaa namba tisa.

"Kidundo," alisema. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita bila Mwalimu. "Miaka kumi na mmoja nakanyaga moto, na wewe unalala kwenye barafu?"

Mwalimu alikohoa. Alisema bomba moja lingeweza kupita bila kuonekana, mawili yasingeweza, na ilimbidi achague. Alisema yeye anaumwa mgongo tu, na mgongo si magoti. Alitaka kuongeza la tatu, akaishia kuangalia viatu vyake kama mwanafunzi aliyekamatwa.

Bi Sikudhani aliugeukia ukumbi. Alieleza yote, tangu barua hadi mabeseni, kwa ufupi na bila kujipendelea, na alipofika kwenye mkono wake alicheka kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kucheka. Kisha akamtazama Nakijwa.

"Andika arobaini na nne ndiyo. Nilidanganya. Nami sitaki kuwa na joto la kuibiwa wakati naweza kuwa na la kupewa."

Nakijwa aliandika mbele ya watu wote na kupitisha fomula upya. Ishirini nukta nne ilibaki ishirini nukta nne. Joto la chumba kimoja zaidi lilikuwa limegawanyika kwa wengi hadi likapotea. Alitangaza hivyo.

Kutoka nyuma mtu mmoja aliuliza kama hii ina maana maandazi yanaendelea. Mwenyekiti alimjibu kwamba kwa uelewa wake, ndiyo. Mwingine akauliza kama watu wa vyumba ishirini na vitatu vingine nao sasa wataweza kuumua unga nyumbani. Bi Sikudhani akasema wajaribu tu, wataona. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha mikono ilipoanza kunyooshwa, na Mwenyekiti alihesabu mara mbili kwa mazoea, ingawa mkono wa kukataa haukuwepo hata mmoja.

*

Ufagio ulipita asubuhi, saa tatu, kwa sekunde arobaini. Taa zilizimika na kuwaka. Pampu zilinyamaza, zikavuta pumzi, zikaendelea. Chini ya kigae cha chumba arobaini na nne hakukuwa tena na koki wala bomba la wizi. Fundi wa pampu alikuwa ameviondoa jana yake akiimba, na sasa maji ya moto yalipita kwenye bomba kuu kama yalivyoandikwa.

Kabla ya kuagiza ulinganisho, Nakijwa aliitafuta fomula ya uchakavu wa mabomba, ile yake ya kwanza. Aliisoma mara moja. Ilikuwa imeandikwa vizuri, alikiri, mabano yote mahali pake. Akaifuta, akaujengea mji kizazi kingine bila uongo ndani yake, kisha akaagiza ulinganisho na kuinua kikombe.

Sifuri. Chai ilikuwa bado ya moto.

Mlango uligongwa. Alikuwa Mwalimu Kidundo, ameshika fungu la mchicha mkono mmoja, anataka kujua kama Bi Sikudhani ni mtu anayependa mchicha au atauona ni dharau. Nakijwa alisema hajui, aende akamuulize mwenyewe. Mwalimu alisema ndiko anakokwenda. Lakini hakuondoka, akabaki amesimama pale mlangoni akitabasamu peke yake, na ilimchukua Nakijwa muda kugundua anataka aangaliwe wapi. Alikuwa peku.

"Ndivyo nilivyoamka," alisema Mwalimu. "Nimesahau kuzivaa."